Kuchinja Nguruwe Szatmár: Safari ya Januari Ukingoni mwa Tisza

Tangu nirudi, kila Mtanzania ninayekutana naye hapa Debrecen, Hungaria, ananiuliza swali lile lile: mlifuata nini huko mpakani na baridi yote ile? Tulifuata nguruwe. Mwanafunzi mwenzetu Mhungari alitualika kwao, mkoa wa Szabolcs-Szatmár-Bereg, kona ya kaskazini mashariki ambako Hungaria inakutana na Ukraine na Romania. Kila Januari familia yake humchinja nguruwe nyumbani, kazi inayoitwa disznóvágás, na mara hii mikono ilikuwa pungufu kwa sababu shemeji yake amehamia Austria kutafuta riziki.

Tulikuwa wawili. Mimi ni wa Kibosho, kuchinja kwa Desemba nimekulia humo, na kushika miguu ya mbuzi nilianza kabla sijajua kuandika. Mwenzangu ni wa Tanga, Mwislamu, nguruwe hali wala hagusi. Nilimshauri abaki apumzike. Akasema mitihani imekwisha, yeye anakwenda kuona nchi, nguruwe ni shauri yao. Msomaji ambaye habari hizi zinamkera aruke sehemu kubwa ya Jumamosi, ila habari ya kuku asiipite.

Alhamisi: Debrecen, Mátészalka, Fehérgyarmat

Nauli kwanza, maana ndiyo mnayoiulizia. Mwanafunzi mwenye kitambulisho cha Hungaria ananunua pasi ya mwezi ya nchi nzima kwa forinti 1,890, kama shilingi elfu kumi na tatu za kwetu, na inapanda treni za kawaida na mabasi ya mikoani. Asiye mwanafunzi hulipa 18,900. Hizo ndizo bei tulizozikuta sisi, angalieni upya kabla ya kusafiri. Zawadi iligharimu kuliko nauli: maua, chokoleti, na pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro niliyokuwa naibania tangu Agosti. Maua huku yahesabuni. Shada la mwenye nyumba liwe na maua ya idadi ya witiri, tatu, tano au saba. Idadi shufwa ni ya makaburini. Muuza maua alimkatalia kabisa mwenzangu alipotaka sita.

Treni ni ndogo, ya dizeli, na inapita Nyírség, nchi ya mchanga, bustani za matufaha zilizopukutika na misitu myembamba. Baada ya Nyírbátor theluji ikaanza kuonekana mashambani. Tulipofika Mátészalka, mji unaojivunia taa zake za umeme za mwaka 1888, treni ikakaa. Ikakaa tena. Tangazo lilitolewa kwa Kihungari cha haraka, abiria wakashusha pumzi kwa pamoja, tukaelewa.

Matokeo yake tulishuka Fehérgyarmat giza likiwa limeshaingia (Januari jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni) na basi la mwisho la kwenda kijijini lilikuwa limeondoka. Rafiki yetu alikuwa ametangulia siku moja kabla, na gari la baba yake lilikuwa gereji. Tulisimama kituoni tukipigapiga miguu chini. Mama mmoja aliyekuwa anafunga kibanda chake cha kahawa akatuuliza tunakokwenda, nikamtajia kijiji, akatikisa kichwa, akapiga simu. Dakika ishirini baadaye ikaja gari ya mkate. Dereva alitupakia mbele, watu watatu kwenye viti viwili, nyuma kreti tupu zikigongana njia nzima. Alitufikisha mpaka getini, kilomita kama kumi na tano, na pesa akakataa. Alichokubali ni vipande viwili vya chokoleti iliyokuwa ya mwenye nyumba.

Kwa mtakaofuata: mabasi ya vijijini jioni ni machache mno, na Jumamosi na Jumapili yanapungua zaidi. Panga ufike Fehérgyarmat kabla ya saa nane mchana.

Ndani ya nyumba kulikuwa na joto la jiko la kuni, supu ya maharage, na ndoo ya vitunguu saumu iliyotutazama kutoka pembeni.

Ijumaa: Kazi ya vitunguu

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe tulipewa asubuhi ya kwanza. Mama mwenye nyumba aliweka ndoo katikati, akatupa visu vidogo, na hadi saa sita tulikuwa tunamenya vitunguu saumu na vitunguu maji. Baba na rafiki yetu walikuwa uani wakisugua sufuria kubwa ya chuma inayokaa juu ya tanuri la kuni, wakiosha meza ndefu ya mbao, wakinoa visu, wakijaribu mashine ya kusagia nyama ya kuzungusha kwa mkono. Kazi yote hufanyika kwenye jiko la uani, lile wanalopikia majira ya joto ili nyumba isipate fukuto.

Nguruwe mwenyewe alikuwa bandani, mweupe, kilo kama mia na themanini kwa makisio ya baba. Siku hiyo alipewa maji tu, chakula hapana, ili utumbo uwe mwepesi kusafisha. Aliletwa mdogo majira ya kuchipua, akalishwa mahindi, shayiri, malenge na mabaki ya jikoni. Mlangoni mwa banda palikuwa na zulia lililoloweshwa dawa, na viatu vyetu havikuruhusiwa kuvuka. Tulipewa buti za mpira za nyumbani. Homa ya nguruwe ya Afrika iligundulika kwa nguruwe pori wa Hungaria mwaka 2018, mkoa huu ukiwemo, na tangu hapo mfugaji halali vizuri. Mtaniulizia: ndiyo, utani ulikuwepo. "Waafrika wawili na homa ya Afrika!" alisema jirani. Kwa kuwa nasoma sayansi ya chakula nilijibu kwamba ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza Kenya, mwaka 1921, na sisi ni Watanzania, akamuulize jirani yetu. Ilibidi rafiki yetu afasiri mara mbili, ndipo akacheka.

Kwa nini Januari? Sababu kubwa ni jokofu. Tangu mwishoni mwa Novemba hadi kabla ya Kwaresima, ua mzima ni jokofu: nyama haiharibiki, nzi hawapo, mafuta yanaganda yenyewe. Tena mahindi yameshavunwa vuli na yameshageuka shahamu mwilini mwa mnyama. Friza zipo kila nyumba siku hizi, lakini kalenda haijabadilika.

Mchana bibi wa nyumba, tuliyemwita néni kama wanavyoitwa akina mama wazee wote huku, alituchukua kutembea kijijini. Nyumba nyingi ni za umbo moja, mraba mtupu wenye paa la pembe nne. Mafuriko ya Mei 1970, mito Szamos na Tisza ilipofurika, yalizibomoa nyumba za udongo, na hizi ndizo zilizojengwa baada yake. Baadhi sasa zimefungwa, pazia zimebaki dirishani. Vijana wako Budapest, Ujerumani, Austria. Juu ya nguzo za umeme kuna viota vikubwa vya korongo weupe, vyote vitupu, vimebeba theluji. Néni akaninyoshea kidole kifuani: wako kwenu. Ni kweli, korongo wa Hungaria huvuka Misri na Sudan, na wengi hufika mpaka Afrika Mashariki na kusini zaidi. Nikamwambia nimewahi kuwaona Serengeti mwezi wa pili. Kuanzia hapo alinitambulisha kwa kila tuliyekutana naye kuwa ni mtu wa kule wanakokwenda korongo.

Jioni, tukichambua mchele, alitusimulia ya miaka ya mwanzo ya 1950 alipokuwa binti mdogo. Serikali ya wakati ule ilidai kila kaya itoe mafuta, nafaka na mifugo kwa kiwango kilichopangwa, na kumchinja nguruwe wako bila kibali ilikuwa kosa la kufungwa jela. Baba yake alichinja usiku, kwa mlango uliofungwa, na hawakuthubutu kubabua manyoya kwa moto wa majani makavu kwa sababu mwanga huonekana mbali na harufu husambaa. Walichuna ngozi kimya kimya, wakaizika. Utoaji ule wa lazima ulifutwa mwaka 1956. Anakumbuka, alisema, kwamba nyama ile haikuwa tamu, kila mtu alikula akisikiliza barabara.

Jumamosi: Siku yenyewe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nyuzi 9 chini ya sifuri, nyota zimetapakaa. Fundi mchinjaji, wao humwita böllér, alifika na sanduku la visu na aproni ya plastiki, mtu wa makamo mwenye viganja kama makasia. Jambo la kwanza si kisu, ni kikombe kidogo cha pálinka, pombe kali ya plamu, Szatmár ikiwa ndiyo nchi ya plamu. Inaunguza mpaka masikioni. Mwenzangu alipewa chai ya limau na asali kwenye kikombe cha kioo cha ukubwa ule ule, wakagongesha naye bila neno. Onyo: kikombe hicho kitarudi kila baada ya saa moja, na kukiacha kitupu ni kuomba kijazwe. Acha robo ndani. Na kula mkate kwanza.

Kuchinja kwenyewe kulikwenda upesi kuliko nilivyotarajia. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mnyama azimishwe fahamu kwanza hata anapochinjwa kwa matumizi ya nyumbani, na fundi alikuja na koleo la umeme kwa kazi hiyo. Wanaume wanne walishika, koleo likawekwa, kisu kikaingia. Hakuna aliyezungumza. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshapiga magoti na beseni lenye chumvi, akipokea damu huku akiikoroga kwa mkono ili isigande. Mwenzangu wakati huo alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni, na nadhani alipasua za mpaka Machi.

Kisha moto. Zamani walimfunika nguruwe kwa majani makavu ya ngano na kuwasha. Leo ni bomba la gesi linalounguruma, na néni alisimama dirishani akilalamika kwamba gesi haina ladha. Ngozi inageuka nyeusi, inakwanguliwa kwa kisu, inamwagiwa maji ya moto, inasuguliwa, inababuliwa tena hadi inakuwa rangi ya dhahabu. Hapo fundi hukata ncha za masikio na mkia na kuwapa watoto na wageni. Nilikula sikio langu nimesimama kwenye theluji, kwa chumvi tu. Ni gumu kidogo, tamu sana.

Kifungua kinywa saa mbili: damu iliyokaangwa na vitunguu, mkate, figili za siki. Nilipoonja nilinyamaza. Kwetu Kibosho damu ya mbuzi huingia kwenye kisusio, na mzee wangu hakubali siku ya kuchinja iitwe siku ya kuchinja bila bakuli lake. Nikawaeleza. Fundi akataka kujua kama tunaweka vitunguu. Akataka kujua na nani anakoroga. Tulizungumza damu kwa nusu saa, mimi na mtu ambaye hatuna lugha ya pamoja, rafiki yetu akifasiri mdomo umejaa.

Kupasua kulifanywa kwa mtindo wa zamani: nguruwe amelazwa kifudifudi, anafunguliwa kuanzia mgongoni, uti wa mgongo unatolewa mzima kwa ajili ya supu ya jioni. Siku hizi wengi humning'iniza na kumgawa nusu kwa nusu kwa msumeno. Fundi huyu alisema msumeno ni wa seremala. Nyongo ilitolewa kwa uangalifu ule ule niujuao, maana ikipasuka juu ya ini umeharibu. Kibofu kikaning'inizwa kwenye msumari. Watoto wa zamani walikipuliza wakakichezea mpira. Mtoto pekee aliyekuwepo alikitazama akarudi kwenye simu yake.

Baada ya hapo ua uligawanyika, na hakuna aliyeamuru. Utumbo ulikwenda kwa wanawake: kugeuzwa, kukwanguliwa kwa kijiti, kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu, chumvi, siki na vitunguu mpaka harufu iishe kabisa. Ni kazi ngumu kuliko zote na haina kikombe cha pálinka kila saa. Nililisema hilo kwa sauti, mama akasema fundi afasiriwe. Mapaja yalikwenda kwenye chumvi, yatakaa wiki kadhaa kabla ya kufukizwa moshi. Shahamu ya mgongo vilevile. Kichwa, mapafu, moyo na ngozi vikaingia kwenye sufuria kubwa kuchemshwa. Nyama nzuri iliyobaki ikaja kwenye mashine ya kusaga, na mashine ilikuwa yangu.

Soseji yao, kolbász, nimeiandika kwenye daftari kwa sababu mama hana mizani na fundi hana siri. Kila kilo ya nyama: gramu ishirini za chumvi, ishirini hadi ishirini na tano za paprika, pilipili manga, kisibiti kidogo, na kitunguu saumu kilichotwangwa kikaloweshwa kwenye maji ya vuguvugu, kikachujwa, yakamiminwa maji yake. Inakandwa kwa mikono miwili hadi vidole vinakufa ganzi, kisha kipande kinakaangwa na kila mtu anaonja. Hapo ndipo ugomvi. Baba alitaka chumvi, néni alitaka kitunguu saumu, kaka aliyetoka Budapest alitaka paprika kali, fundi alisema wote wamekunywa hawana ulimi. Walikaanga mara tatu. Mimi niliona ya kwanza ilikuwa sawa, sikuulizwa.

Aina ya pili huitwa hurka. Hiyo ni wali, ini na vilivyochemshwa kwenye sufuria, vyote vimesagwa, na majani ya kiungo yaitwayo marjoram. Nusu ya mchanganyiko huongezwa damu, nusu hapana. Huchemshwa taratibu, maji yasitokote, la sivyo hupasuka. Zilipasuka mbili, na kila iliyopasuka ililiwa papo hapo, kwa hiyo nina shaka na umakini wa msimamizi.

Sasa kuku. Saa saba mchana, katikati ya mvuke na kelele, baba alimwita mwenzangu pembeni. Mkononi alikuwa na kuku hai, jogoo mchanga, na kisu kipya kutoka dukani, bado kimo kwenye karatasi yake ngumu. Alikuwa amekinunua Ijumaa bila kutuambia. Sufuria nayo ilikuwa ya jemu ya plamu, haijawahi kuona nyama. Kwa msaada wa binti yake, rafiki yetu, alieleza kwamba amesoma kidogo, anajua mgeni lazima achinje mwenyewe, na anachotaka kujua ni aelekee upande gani. Mwenzangu akatoa simu, akatafuta kibla, ikaangukia kati ya ghala la mahindi na mti wa jozi, kusini mashariki. Akachinja akitaja jina la Mungu, baba akiwa amevua kofia. Fundi alitoka jikoni kutazama, akapima kwa macho mkato wa shingo, akasema kisu kinahitaji kunolewa. Kisha akakinoa, baada ya kunawa mikono kwa sabuni mara mbili na kuonyesha viganja kwa kila mtu.

Jogoo akawa mchuzi wa paprika, uliokaangwa kwa mafuta ya alizeti. Hata maandazi yao ya mviringo ya msimu huu, fánk, mama alikaanga sinia la kwanza kwa alizeti kabla hajagusa mafuta ya nguruwe. Mwislamu anayealikwa kwenye shughuli kama hii aseme mapema, waziwazi. Nyumba hii ilijua kwa sababu rafiki yetu alisema tangu Novemba. Kwingine mafuta ya nguruwe yamo hata kwenye keki, na si kwa ubaya.

Alasiri ilikuwa ya mafuta: shahamu imekatwa vipande, inayeyushwa kwenye sufuria kubwa, mtu mmoja anakoroga bila kuacha, mwishoni maziwa kidogo yanarushwa ndani ili vikaango, yaani vile vipande vikavu vinavyobaki mafuta yakishatoka, vipate rangi. Mafuta yakachujwa kwenye madebe ya enameli. Ni hapo, tukikoroga kwa zamu, ndipo nilipomuuliza baba kama inalipa. Akacheka. Alianza kuhesabu kwa vidole: mahindi, shayiri, dawa, gesi, viungo, fundi. Vidole vilipokwisha akasema dukani kwenye ofa ya wiki nyama ni rahisi kuliko hii, na kila mwaka anasema huyu ndiye wa mwisho. Majirani wengi wa mtaa huo wameshaacha. Mama aliyekuwa akipita na beseni alidakia bila kusimama: "Mwanangu wa Budapest haji kwa supu ya kopo."

Chakula cha usiku kilikuwa kingi mno. Supu ya uti wa mgongo yenye tambi nyembamba, kabichi iliyoviringishiwa nyama, soseji, hurka, achari, fánk. Kulikuwa na majirani waliokuja "kuonja" wakakaa mpaka saa sita. Sikumbuki nililala saa ngapi.

Jumapili: Sahani za majirani

Asubuhi kanisani, Wareformati (Waprotestanti wa Kikalvini), dari ya mbao, baridi ya kutosha kuona wimbo ukitoka mdomoni. Mwenzangu alibaki na néni wakila jemu ya plamu ya Szatmár, ile nyeusi inayopikwa saa nyingi bila sukari hata chembe. Nilivyorudi walikuwa wameshapanga sahani.

Hii ndiyo sehemu iliyonikalisha chini. Kabla soseji hazijapanda kwenye kibanda cha moshi, mama hutenga kóstoló: kipande cha soseji mbichi, hurka moja ya kila aina, vikaango, kipande cha nyama. Kila sahani ina jina la nyumba. Jirani aliyeleta yake mwezi Desemba hurudishiwa sasa. Aliyesaidia kushika mguu anapata kubwa zaidi. Mjane wa mwisho wa mtaa, asiyefuga tena na asiyeweza kurudisha, yake ilikuwa ya kwanza kutengwa. Nyumbani Kibosho kidari hakigawiwi ovyo, kila kipande kina mwenyewe, na ukikosea kumpelekea shangazi utasikia hadi Pasaka. Nilipomwambia mama hivyo alitaka kujua shangazi hupata nini, nami nikajikuta nachora mbuzi kwenye bahasha na kugawanya mistari. Bahasha ile ameibandika kwenye jokofu.

Tulizunguka na sahani mchana kutwa, mimi nikibeba, mwenzangu akifungua mageti na kufukuza mbwa. Kila nyumba ilituingiza. Mageti manane au tisa yalituchukua saa nne.

Jioni rafiki yetu alitupeleka kwa gari lililotoka gereji hadi Szatmárcseke kuona makaburi yake mashuhuri. Nguzo za mwaloni zilizochongwa kwa umbo la mtumbwi uliosimamishwa wima, zimekuwa nyeusi kwa miaka, zote sura moja kwa tajiri na maskini. Sisi hatukulipa kiingilio. Vaa soksi mbili.

Jumatatu: Kurudi

Basi la asubuhi lilikuja kwa wakati, treni nazo zilikwenda vizuri, hakuna la kusimulia. Begi langu lilikuwa na vikaango, kopo la mafuta na hurka nne. La mwenzangu lilikuwa na chupa za jemu, jozi kilo moja, na kisu kile kipya kilichonolewa, ambacho baba alikataa kukirudisha nyumbani kwake.

Vitu hivi visafirishwe ndani ya nchi tu. Usithubutu kupakia nyama ya nguruwe ya nyumbani kwenye begi la ndege kwenda Dar es Salaam au Nairobi: virusi vya homa ya nguruwe huweza kudumu miezi ndani ya nyama iliyokaushwa, na kwetu nguruwe wanafugwa vilevile kwa mabaki ya jikoni. Buti ulizovaa bandani ziache huko huko.

Gharama yote, zawadi ikiwemo, haikufika forinti elfu ishirini kwa watu wawili. Soseji zetu bado zimening'inia kwenye moshi, tumeambiwa tusiziulize kabla ya Machi. Rafiki yetu ametuma ujumbe kwamba baba yake, yule wa "huyu ndiye wa mwisho", ameshaweka oda ya nguruwe wadogo wawili, na anauliza kama tuna marafiki. Wanaotaka waniandikie. Mashine ya kusaga ina mwenyewe, nafasi zilizopo ni za vitunguu saumu.